Swichi tatu za godauni la Temeke zilizokuwa zinanitii mimi peke yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mliojifungia chooni mnasoma simu.

Nimekaa humu jukwaani miaka mingi nikicheka mikasa ya wenzangu bila kuchangia hata mstari. Leo nalipa. Kisa ni cha kweli, kimenitokea mwenyewe, na majina nimeyabadilisha yote. Chumvi sijaongeza. Kikinidhalilisha, jueni ndivyo kilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwishoni.

Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila mwenye shemeji Dubai anaagiza kitu. Mie nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya uhandisi wa umeme. Nilichapisha business card kabla sijawa na ofisi. Kadi ilisema "Network Consultant". Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha kupanga Tegeta, enzi hizo Tegeta ni mikorosho na nyumba zilizoishia kwenye lenta.

Kazi yangu ya kwanza kubwa niliipata Temeke, upande wa viwandani, kwa Mzee Murtaza.

Huyu alikuwa muuza spea za malori. Familia yake ya Kihindi iko Dar tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake cha pwani kilikuwa kinaninyoosha mie kijana wa bara kila nikifungua mdomo. Alikuwa na godauni kubwa lenye sehemu tatu: kaunta ya mauzo mbele, ghala katikati, na ofisi ya uagizaji juu ya ngazi.

Alitaka mambo mawili.

La kwanza, kompyuta zote ziongee, ili mtu wa kaunta aone bei na mali iliyopo bila kupiga kelele kuelekea ghalani.

La pili, kompyuta za uagizaji zijitenge. Ndizo zilizokuwa na majina ya watu anaonunua kwao na bei zao. Soko lilishafunguliwa, washindani wamejaa, na siri yake ilikuwa hiyo tu. Akaniambia, "Kijana, mtu wa ghala akijua ninanunua wapi, kesho kutwa ana duka lake."

Sasa kwa wasio wa fani, dakika moja tu.

Swichi ninayoizungumzia siyo ya taa. Ni boksi bapa lenye matundu ishirini na kitu, kila kompyuta inachomeka waya wake humo, nalo linapeleka ujumbe kunakohusika. Boksi moja lisipotosha, unabebanisha mawili au matatu, unayaunga kwa nyuma kwa kebo fupi nene, yanaanza kufanya kazi kama boksi moja. Hiyo ndiyo stack. Ndani ya stack kila swichi ina namba yake, na mipangilio yote inafuata namba. Ukisema "swichi namba tatu ijitenge", itajitenga ile yenye namba tatu.

Shikeni hilo la namba. Mie sikulishika.

Nikaweka swichi tatu kwenye kabati la chuma lenye mlango, kwa ajili ya vumbi. Ya chini, namba moja, ya kaunta. Ya kati, namba mbili, ya ghala, pamoja na ile kompyuta kubwa iliyotunza bei na hesabu ya mali. Ya juu, namba tatu, ya uagizaji. Moja na mbili nikaziweka kundi moja, tatu nikaitenga peke yake. Kabati nikalifunga, ufunguo nikautia mfukoni kama daktari. Nje, ukutani, kulikuwa na soketi tatu zimepangwa mstari, kila swichi na soketi yake. Ya kushoto ni ya swichi ya chini, ya kulia ni ya swichi ya juu.

Waya zote za jengo alizitandaza Fundi Kondo.

Huyu ndiye mtu wa kisa hiki. Mzaliwa wa Dar, amevuka arobaini, anakaa Tandale. Karibu miaka ishirini alipanda nguzo za simu kwenye shirika la umma, kisha akapunguzwa pamoja na wenzake. Mzee Murtaza alimchukua kwa kibarua cha kutandaza waya, na alimwahidi kwamba mtambo ukikaa sawa atamwajiri moja kwa moja, kisha wahamie tawi la Mbagala. Kondo ana watoto watano. Hiyo ajira aliihesabu kama imeshafika.

Nilikuwa namsalimia, "Shikamoo fundi." Anajibu, "Marahaba, Injinia," kwa ile sauti ambayo mtu mzima anamwita mtoto wa jirani "mheshimiwa".

Wiki ya kufunga mtambo kila kitu kilikwenda vizuri. Nawasha mwenyewe asubuhi, napiga picha, nakunywa chai ya bure. Jumamosi nikakabidhi.

Jumatatu simu ikaita kwa mwenye nyumba wangu. Ni Rehema, sista wa kaunta.

"Injinia, huku hatuoni bei. Wateja wamejaa mpaka nje, na wengine wana midomo. Njoo."

Nikaenda. Kweli, kaunta nzima imekufa. Ghala wanafanya kazi, uagizaji wanafanya kazi, kaunta tu. Nikakagua, nikaona kichwa kimoja cha waya, vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye swichi, kimekaa upande. Nikakikata nikabana kingine. Nikazima soketi zote tatu, nikawasha upya, moja baada ya nyingine, nikisubiri taa zitulie.

Kaunta ikafufuka.

"Daktari kafika, mgonjwa kapona," Rehema akasema. Nikavimba.

Jumanne, yale yale.

Nilikuwa na shughuli mjini, nikamwelekeza kwa simu: mwambieni Bi Mwanaidi azime, awashe. Bi Mwanaidi alikuwa mama mtu mzima wa Temeke, mtunza funguo, anafungua asubuhi na kufunga jioni. Akazima, akawasha. Wapi. Nikaja mwenyewe, nikabana vichwa viwili, nikazima, nikawasha. Ikakubali.

Jumatano, tena. Alhamisi, tena.

"Injinia, tukuwekee godoro hapa?" Rehema akauliza mbele ya wateja. "Hizi mashine hazina adabu mpaka zikuone."

Najua kuna mdau atauliza kwa nini mtambo ulizimwa kila jioni. Swali zuri. Godauni la jirani liliungua kwa hitilafu ya umeme mwaka uliotangulia, na Mzee Murtaza akatoa amri: ikifika saa ya kufunga, hakuna soketi inayobaki imewashwa, hata ya friji ya maji. Hiyo haikuwa na mjadala. Mie niliiona ni ushamba kidogo, lakini sikuiona kama sehemu ya tatizo. Machoni pangu soketi ilikuwa kitu cha kuwasha na kuzima, basi.

Tatizo nilikuwa nimeshalipata: waya za Kondo.

Jamani, angalieni ushahidi niliokuwa nao. Kaunta peke yake inakufa. Nikigusa waya wa kaunta, inafufuka. Nikiondoka, inakufa. Chuoni tulifundishwa kwamba hiyo ni sayansi.

Kondo alikuja na kipimo chake cha simu, akapima waya mmoja mmoja mbele yangu, akipiga magoti chini ya meza za watu.

"Nzima zote, Injinia."

"Saa hizi nzima. Usiku zinapoa, vichwa vinalegea."

"Vinalegea vya kaunta tu? Vya ghala vinavaa sweta?"

Rehema akacheka. Mie sikucheka.

Hapo Sadiki, karani wa ghala, akachomekea. "Ila kuna kitu, Injinia. Asubuhi mie naonaga makabrasha ya wale wa juu, wa uagizaji, kwenye kompyuta yangu. Ukija wewe yanapotea."

"Umeota," nikamwambia.

Kondo akasimama, akajifuta magoti. "Hajaota. Sikiliza, mdogo wangu. Mie nimeshika waya kabla hujaanza shule. Waya ukikatika simu inakufa, basi. Waya mbovu haufikishi. Ila simu yako ikienda kulia kwa jirani, usipande nguzo. Nenda exchange, kule simu zinakounganishwa, kuna mtu kachanganya namba."

Wakuu, mtu yule alinipa jibu lote, bure, kwa Kiswahili.

Nami nikamjibu kwa Kiingereza. Nikasema, "Fundi, this is digital." Nikaondoka.

Ijumaa nikaandika ripoti. Kurasa mbili, imechapwa, kwa Kiingereza cha kumwogopesha mtu. Nakumbuka nilitumia "substandard terminations", yaani vichwa vya waya vilivyobanwa ovyo, mara nne, kwa sababu nililipenda linavyosikika. Jina la Kondo lilitajwa. Pendekezo langu: waya za kaunta zirudiwe zote chini ya usimamizi wa mtaalamu, na mtaalamu ni nani, mnamjua.

Mzee Murtaza aliisoma akiwa amesimama. Akamwita Kondo.

"Kondo, pumzika kwanza nyumbani. Tutaitana."

Miaka ile kila mtu alijua kupumzika huko kunamaanisha nini. Kondo alikuwa ameshapumzishwa hivyo mara moja na shirika zima. Akakusanya koleo zake, akazifunga kwenye kitambaa kimoja kimoja, taratibu, kama anayezilaza.

Akaniangalia mie, siyo mzee. "Sawa. Umesoma, umeandika."

Jumamosi na Jumapili nikarudia waya zote za kaunta kwa mikono yangu. Vidole vilitoa malengelenge. Sitaki pole.

Jumatatu nikawahi kabla ya watu, nikiwa na vitumbua kwenye gazeti, ili nione ushindi wangu unavyowaka. Bi Mwanaidi ndiyo kwanza anafungua mlango. Nikamwamkia, nikawa nahangaika kutafuta pa kuweka vitumbua, huku nimeshafungua kabati. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nikabidhi mtambo, aliwasha mtu asiye na digrii mie nikiwa naangalia.

Bi Mwanaidi akasogea ukutani. "Bismillahi." Akawasha soketi ya kulia. Akarekebisha mtandio. Akawasha ya kati. Akawasha ya kushoto.

Kwenye uso wa kila swichi kulikuwa na vitaa vidogo vinavyoonyesha namba yake ndani ya stack. Siku zote macho yangu yalikuwa kwenye waya; leo nikaviangalia vikiwaka.

Swichi ya juu: moja.

Ya kati: mbili.

Ya chini: tatu.

Vitumbua vikanitoka mkononi.

Nilikuwa nimeacha namba zijipange zenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kiwandani: swichi inayoamka kwanza inakuwa namba moja, inayofuata mbili, na kuendelea. Nikiwasha mie, naanza kushoto, ya chini inakuwa moja, mambo safi. Akiwasha yeye, uagizaji wanakuwa namba moja na kuunganishwa na ghala, na kaunta wanakuwa namba tatu, wametengwa peke yao kama wana ndui. Waya hazihusiki hata kidogo. Na ile siri ya Mzee Murtaza, niliyolipwa niifungie, nilikuwa namfunulia Sadiki kila asubuhi pamoja na chai.

"Bi Mwanaidi, kila siku unaanzia hapo kulia?"

Akanigeukia kama nimemuuliza kama huwa anavaa nguo akitoka nje. "Kwani wewe waanzia wapi?"

"Kushoto."

"Astaghafiru. Nani kakufundisha kuanza jambo kwa kushoto?"

Nilitaka kumwambia ni vitabu. Kitabu cha chuo kinaanzia kushoto, mchoro wa umeme unaanzia kushoto, soketi namba moja kichwani mwangu ilikuwa ya kushoto kabla sijaiona. Yeye alijifunza kusoma chuoni pia, ila chuo cha Kurani, na mstari unaanzia kulia. Katika michoro yangu yote sikuweka mahali pa mtu anayewasha.

"Ni mie," nikasema kwa sauti, nimeshika kichwa. "Ni mie."

"Wewe nini?"

Nilikuwa nimeshainamia begi langu la vifaa.

Sasa wakuu, hapa ndipo aibu ilipo, na niliahidi sitaficha.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Nikachomeka waya wa console, ule wa kuiamuru swichi kutoka kwenye kompyuta, nikaingia, nikazipa swichi namba za kudumu kwa mkono, nikahifadhi. Nikamwomba Bi Mwanaidi azime, awashe apendavyo. Kulia, kushoto, katikati. Namba hazikutikisika.

Watu wakaingia kazini, kaunta inaona bei. Rehema akapiga makofi. "Kumbe kweli waya zilikuwa mbovu! Kondo katutesa wiki nzima."

Na mie nikanyamaza.

Nikala vitumbua vyenye vumbi na kunyamaza. Mzee Murtaza akashuka ngazi, akanishika bega, akasema nimtafutie fundi mwingine wa kwenda naye Mbagala. Nikasema sawa, mzee.

Nilinyamaza Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nilikuwa na sababu zangu, za kisomi kabisa. Nikisema, nani atanipa kazi tena? Jina langu ndiyo kwanza linaanza. Kondo ana ufundi, hatakosa pa kushika. Nilipanga hata kumtafutia kibarua mahali pengine kimyakimya, nijisikie mwema bila kusema kitu.

Alhamisi nilipita kuchukua vifaa vyangu. Bi Mwanaidi alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, siku ile uliniuliza habari za kulia na kushoto, ukashika kichwa ukasema ni wewe. Halafu wanasema ni Kondo. Mie sijui mitambo. Nieleze tu, ni wewe nini?"

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Angeweza kuwa ameshawaambia jengo zima, na hakuwaambia. Aliniachia niseme mwenyewe.

Nikapanda ngazi.

Nilimweleza Mzee Murtaza yote, hadi vitaa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Na makabrasha yangu?"

"Yalikuwa wazi kwa ghala, mzee. Kila asubuhi mpaka nilipokuja."

Kisha akafungua droo, akatoa ripoti yangu, akaiweka mezani kati yetu.

"Uliandika kurasa mbili kumtoa mtu kazini. Utaandika mbili za kumrudisha. Kwa Kiswahili, asome mwenyewe. Halafu umpelekee wewe. Akiridhika nazo, aje nazo. Asiporidhika, wewe usije."

Nilizipata kurasa mbili kwa shida kubwa kuliko digrii.

Nyumbani kwa Kondo, Tandale, si mbali na soko la vyakula. Nilimkuta barazani anatengeneza pasi ya umeme ya mtu, mkewe pembeni anachambua mchele. Nikaamkia. "Marahaba," akasema, na kukomea hapo.

Nikampa karatasi. Akafuta mikono, akasoma polepole, kwa sauti, mkewe asikie.

Akafika katikati, akasimama.

"Hapa umeandika, 'kulijitokeza kasoro ndogo'. Ndogo kwa nani?"

Nikachukua peni, nikakata neno "ndogo".

Akaendelea. "'Namba za swichi hazikuwa zimepangwa.' Na nani?"

"Na mie, fundi."

"Mbona hupo humu? Kwenye ile ya Kiingereza mie nilikuwepo. Sadiki aliniambia jina langu aliliona, mengine hakuyaelewa."

Mkewe aliacha mchele. Nikaiweka karatasi juu ya meza yake ya kazi, kando ya ile pasi, na kuandika jina langu kamili, palepale, kwenye kila sentensi iliyolihitaji. Zilikuwa sentensi nyingi. Alisoma tena kuanzia mwanzo. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akarudi kwenye pasi ya watu.

Jumatatu iliyofuata alikuwa kazini, na barua ya ajira aliipata. Mzee Murtaza aliamuru ufunguo wa kabati na password ya swichi vikae kwa Kondo, mie nibaki wa kuitwa akinihitaji. Nilimfundisha console kwa wiki mbili. Stack ya Mbagala aliipanga yeye. Mie hakuniita.

Somo sasa. La kiufundi ni fupi: ukibebanisha swichi, zipe namba kwa mkono wako na uhifadhi, kisha mwombe mtu mwingine kabisa, asiyejua unachofanya, azime na awashe atakavyo, wewe ukiwa umefunga mdomo na unaangalia.

La pili ni refu, nami bado nalisoma. Mtu mwenye kalamu anafukuzisha mtu mwenye koleo kwa mchana mmoja. Kumrudisha kulinichukua siku tatu za woga, swali la mama anayefagia, na jina langu kuandikwa mara zote hizo. Na hizo siku tatu, wakuu, Kondo alizila nyumbani kwake akiwa mkosaji, mbele ya mkewe, kwa sababu mie nilikuwa natafuta muda mzuri wa kusema.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kuandikiwa ripoti kama ile, na mliowahi kuiandika mkanyamaza, tupeni visa. Wa kunitukana pia karibuni, ila pangeni foleni nyuma ya Fundi Kondo.